Mstari Niliotaka Kuuruka

Jumamosi, saa nne asubuhi. Mvua.

Imenyesha tangu alfajiri hapa Tarime mjini, na bati la nyumba ninayopanga linapiga kelele mpaka redio ya jirani leo siisikii. Ningekuwa na roho nyepesi ningesema nimepata Jumamosi ya kulala. Sina roho nyepesi. Nimekaa kitandani na kompyuta ya ofisi mapajani, chai imepoa, na kuna ujumbe mmoja ambao nimeufungua mara sita tangu jana jioni bila kuufanya chochote.

Ni rufaa. Imeandikwa na mwanamke asiyeona, na ndani yake kuna mstari mmoja unaonihusu mimi. Hakuna mtu mwingine ofisini aliyeiona. Fomu za tovuti yetu zinaingia kwangu kwanza, na mimi ndiye ninayezifikisha kwa mkurugenzi. Mwisho wa kuipokea ni Jumatatu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapa nitajitetea.

Mimi ni afisa TEHAMA wa ofisi moja ya umma huku kwetu. Sitaitaja, na majina ya watu nimeyabadilisha. Kwetu ni Mugumu, upande wa Morotonga, babu yangu alikuja na cherehani kichwani kutoka pwani na hakurudi tena. Kazi yangu ni tovuti. Niliijenga upya mwenyewe, nikaweka picha za viongozi zinazozunguka pale juu, nikaweka rangi ya kijani iliyopauka, nzuri, ya kisasa. Kwenye kikao kimoja tulisifiwa na watu wakanipigia makofi. Nilivimba kichwa, nakiri. Wiki nzima nilikuwa naifungua hata nyumbani, naiangalia tu.

Kisha dhahabu ikalipuka kwenye kilima kimoja upande wa Nyakunguru. Waliokuwepo wanajua ninachosema. Watu walimiminika kutoka Kemambo wakaacha mahindi yao kwenye magugu, wakaja wa Serengeti, wakaja hata wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari na Kiswahili chao cha "niaje, uko aje". Ndani ya siku chache kilima kilijaa maturubai, mama lishe, mafundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe, na wahubiri. Ofisi yetu ikaambiwa igawe maduara, yaani yale mashimo ya kuchimbia, kwa vikundi vilivyosajiliwa, kabla watu hawajakatana mapanga. Maduara machache yakatengwa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Hilo lilikuwa jambo jema na lilinifurahisha.

Tangazo la mgao nililichapa mimi. Majina ya vikundi, namba za maduara, na chini kabisa mstari mmoja: mwenyekiti wa kila kikundi afike ofisini yeye mwenyewe kuthibitisha kabla ya Ijumaa, asiyefika, duara lake litapewa kikundi cha akiba.

Sasa, kwetu tangazo halipandi kwenye tovuti likiwa maandishi. Kamwe. Linachapwa, linatolewa kwenye karatasi, linapelekwa kwa mkurugenzi, linasainiwa, linapigwa muhuri, kisha ile karatasi inapigwa picha na picha ndiyo inayopandishwa. Mkurugenzi wetu ana msemo wake: karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi. Na siku hizi za dhahabu ana sababu, maana matangazo ya kughushi yalikuwa yanazunguka kwenye makundi ya simu kila siku, na kila mtu alikuwa anaangalia muhuri kwanza kabla hajaangalia maneno. Kwa hiyo nami nilipiga picha, ikatoka imeinama kidogo upande mmoja, na kivuli cha kidole changu pale pembeni. Nikapandisha. Muhuri wa bluu ulionekana vizuri sana.

Yale maandishi yalibaki kwenye kompyuta yangu, kila herufi.

Siku mbili baadaye alikuja Bhoke. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, alipoteza macho utotoni kwa surua, na ni mwenyekiti wa kikundi kinachoitwa Tusonge. Kikundi chao kina mtu aliyekatwa mguu baada ya duara kumwangukia, kina mabubu wawili, kina mama mmoja mwenye ualbino anayefanya kazi amejifunika shuka mpaka puani. Kazi ya Bhoke ni kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, pamoja na wanawake wengine, na anaponda kwa kupapasa. Vidole vyake viwili havina kucha. Siku ile alikuja peke yake na fimbo yake, na simu yake ya kupapasa ile inayosema, inayomsomea kila kilicho kwenye kioo.

Mlinzi getini hakumwandika kwenye kitabu cha wageni. Kitabu kinataka mtu aandike mwenyewe na atie saini, yeye hawezi, na mlinzi akaona uvivu kumwandikia. "Pita tu, mama."

Akafika kwenye meza yangu. Akauliza kwa nini simu yake ikifika kwenye tangazo la maduara inasema "picha" kisha inanyamaza. Aliuliza kistaarabu tu. Mimi nilikuwa napandisha picha za ziara ya mgeni mmoja mkubwa, nilikuwa nimeshapigiwa simu mara mbili kwamba nachelewa, na sikuinua hata uso.

Nikamwambia, "Tafuta mtu akusomee, dada."

Ni hivyo tu nilivyosema. Sikumtukana wala kumfukuza. Ungenisimamisha pale mlangoni ukaniuliza kama nimemkosea mtu, ningekuapia kwamba sijamkosea. Angalau ningeweza kumsomea mimi, dakika mbili tu, na tangazo lilikuwa mbele ya pua yangu. Sikuwaza hata kulisoma.

Akasema asante, akaondoka, na mimi nikamaliza picha za mgeni.

Basi akatafuta mtu. Akampata shemeji yake, Marwa, mdogo wa marehemu mume wake. Marwa anajua kusoma vizuri, ana sauti, Jumapili anasoma masomo kanisani. Alimsomea tangazo kwenye baraza ya nyumba yake, watu wakisikia, neno kwa neno, akamtajia mpaka namba ya duara la Tusonge. Wanawake wakapiga vigelegele. Ila ule mstari wa chini aliuruka. Mahali pake akaweka maneno yake: "Mtapigiwa simu."

Jina la kikundi cha Marwa lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya akiba.

Bhoke akakaa akingoja simu. Ijumaa ikapita. Jumatatu akiwa kwenye mawe yake akasikia kina mama wanasema duara la Tusonge limeshaanza kuchimbwa, na kwamba aliyesimama mdomoni mwa shimo akitoa amri ni shemeji yake. Aliniambia baadaye kwamba aliendelea kuponda mawe yake mpaka yakaisha, kisha ndipo akauliza nani anaweza kumpeleka mjini.

Alipokuja mara ya pili hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Watu wa Tarime hawana maneno ya kuzunguka, na baadaye alizoea kunitania kwamba sisi wa Mugumu tunaongea kama watu wanaoomba chumvi kwa jirani. Siku hiyo hakutania. Aliweka simu yake juu ya meza yangu, akaifungulia sauti mpaka mwisho, akafungua tovuti yetu, akaanza kutelezesha kidole.

"Picha. Picha. Picha ya kwanza kati ya saba. Kitufe. Kitufe. Bofya hapa. Bofya hapa. Bofya hapa. Picha."

Ofisi nzima ilisikia. Kijana wa masjala akacheka, na mimi nakiri nilicheka kidogo pia, kwa aibu, kama mtu anayejikwaa mbele za watu. Lakini simu haikuacha. Ilienda hivyo muda mrefu, kwa ile sauti yake isiyo na hasira, na Bhoke amekaa wima na mikono yake yenye makovu juu ya meza. Ilipofika kwenye tangazo la maduara ikasema "picha", na Bhoke akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo duara langu lilipo."

Nilienda chooni nikalia. Sikulia kwa ajili yake tu. Nililia pia kwa sababu ile tovuti niliyokuwa naiangalia hata nyumbani ilikuwa imetukanwa mbele za watu, na ilistahili.

Wiki tatu zilizofuata sikuwa na kazi nyingine. Niliiwashia simu yangu sauti ile ile ya kusoma, nikaifunika kwa ncha ya ushungi wangu na kujilazimisha kutafuta tangazo bila kuona. Jamani! Mara ya kwanza nilizunguka mpaka jasho likanitoka, nikajikuta kwenye ukurasa wa zabuni za mwaka juzi, nikaitupa simu kitandani. Mtu anayejenga nyumba akashindwa kuona mlango wake mwenyewe ni mjinga wa aina gani? Nikaanza upya. Kila kitufe nikakipa jina. Kila "bofya hapa" nikaifuta nikaandika inakompeleka mtu. Picha za viongozi zinazozunguka nikazisimamisha, na kuna mmoja alikuja kuuliza kwa nini hazunguki tena. Rangi ya kijani niliyoipenda nikaitia weusi ili wazee wenye macho mafifu nao wasome. Fomu ya malalamiko ilikuwa inamtaka mtu achague picha zenye pikipiki ili athibitishe si mashine. Nikazing'oa kwa furaha kubwa.

Bhoke ndiye alikuwa mjaribuji wangu. Nilimpigia simu karibu kila siku, naye alikuwa ananipigisha kwata. "Hapa panasema kitufe. Kitufe cha nini? Cha shati?" Nikarekebisha. Kesho yake, "Mdogo wangu, hapa napo panasoma kama mlevi." Nikarekebisha. Nilianza kuzingoja simu zile. Haki ya Mungu, nilijisikia mtu mwema.

Kazi ngumu ilikuwa muhuri. Mkurugenzi ni baba mtaratibu, ninamwamkia shikamoo kila asubuhi na ananiitikia kwa jina, lakini kwenye muhuri alikuwa jiwe. Nikamwambia tuweke maandishi kamili kwanza, kisha picha yenye muhuri ifuate chini yake, kila mtu apate chake. Akasema watu watanakili maandishi wayabadilishe. Nikamwambia wanaighushi hata picha. Akasema nisimfundishe kazi. Nikamsikilizisha simu ya Bhoke niliyokuwa nimeirekodi ikisema picha, picha, picha. Akasikiliza yote mpaka mwisho, amevua miwani, kisha akasema, "Weka vyote viwili."

Nimeandika mengi kuhusu tovuti, na najua kwa nini. Ni kwa sababu hapo nilifanya vizuri.

Sasa nifike pale nisipopenda.

Tusonge walikuwa wamepeleka pingamizi lao, fupi, lisilotaja ile safari ya kwanza ya Bhoke ofisini, na kikao cha kulijadili kilikaa wiki iliyopita. Wahusika hawakuitwa, ilikuwa ni kwa makaratasi tu. Mimi niliitwa nieleze lini tangazo lilipanda na lini lilishuka. Nikaeleza. Mjumbe mmoja akauliza: huyu mwenyekiti wa Tusonge, kabla ya ile Ijumaa, aliwahi kufika ofisini au kutoa taarifa kwamba hawezi kulisoma tangazo? Kitabu cha wageni kikaletwa. Kikafunuliwa. Jina lake halikuwepo.

Mkurugenzi akanigeukia. "Zuhura, wewe una habari yoyote?"

Nilikula jiwe.

Sikusema hapana. Nimeshajitetea kwa hilo mara nyingi wiki hii, kwamba sikusema hapana. Nilitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka, na wao wakakichukua kile kichwa wakaendelea. Niliwaza barua ya onyo. Niliwaza makofi ya kile kikao. Niliwaza kwamba nimeshairekebisha tovuti kwa mikono yangu, na hilo si limetosha? Kikao kikaisha kabla chai haijaletwa.

Pingamizi likakataliwa, na uamuzi nikauchapa mimi.

Niliuchapa kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichowahi kuchapa. Vichwa vya habari mahali pake, maandishi kwanza, muhuri baadaye, kila kitu kama Bhoke alivyonifundisha. Na ule mstari wa haki ya kukata rufaa, ambao huwa tunauweka mwishoni kwa herufi ndogo, nikauweka juu kwa herufi kubwa. Pengine nilikuwa nalipa kidogo kidogo. Sijui.

Alhamisi nikachukua pikipiki mpaka Nyakunguru. Nilijiambia naenda kujaribu ukurasa mpya kwenye simu yake, huko ambako mtandao ni wa kusuasua. Nilimkuta kwenye mawe, amekaa juu ya gunia, nyundo mkononi, vumbi limezifanya nyusi zake nyeupe. Kina mama walikuwa wanaponda kwa pamoja na ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya viatu vyangu. Kule juu duara lao lilikuwa linafanya kazi. Mtu alikuwa anavuta winchi, na sauti ya Marwa tuliisikia hadi pale tulipokaa, anawakemea vijana, "Mura, vuta!" Bhoke alikuwa anaisikia kila siku, toka asubuhi mpaka jioni.

Nikamwambia uamuzi umetoka na uko kwenye tovuti. Nikamwambia naweza kumsomea. Akatikisa kichwa. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akatoa simu, akaiambia ile midomo yote ya kina mama inyamaze, na wakanyamaza.

Simu ikasoma. Ilisoma vizuri mno. Kichwa cha habari, haki ya rufaa, jina la kikundi chake, uamuzi. Haikukwama hata mara moja. Hilo lilikuwa tangazo la kwanza la ofisi yetu alilolisoma mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, na lilikuwa linamwambia amenyimwa.

Ikafika kwenye sababu: "Mwenyekiti hakufika ofisini wala hakutoa taarifa yoyote kabla ya siku ya mwisho."

Akasimamisha. Akarudisha nyuma kwa kidole. Ikasoma tena. Akarudisha tena, ikasoma mara ya tatu. Kisha akageuza uso kunielekea, sawasawa kabisa, kama anayeona.

"Mdogo wangu, hapa simu imesoma vizuri?"

Nikasema ndiyo, imesoma vizuri.

Akairudisha simu kifuani, akapapasa mpaka akaikuta nyundo yake, akawaambia wenzake waendelee. Wakaendelea. Nikasimama pale kama mti wa umeme, sikuaga, nikarudi kwenye pikipiki. Njiani dereva aliniuliza kama ninaumwa.

Jana jioni, nikiwa nafunga kompyuta, rufaa ikaingia kupitia ile fomu niliyoing'oa picha za pikipiki. Ameiandika mwenyewe kwa simu yake. Haina makosa mengi. Haina matusi, na hata Marwa hakumwita mwizi. Anaeleza tu, hatua kwa hatua, na katikati kuna huu mstari:

"Nilifika ofisini siku mbili baada ya tangazo, nikamwambia afisa wa tovuti kwamba simu yangu haisomi, akanijibu nitafute mtu anisomee, nami nikafanya alivyosema."

Jina langu hakuliweka. Angeweza. Analijua jina langu, la baba yangu na mtaa niliozaliwa.

Nalijua lililo kwenye mizani. Bila mstari huu, rufaa ni ya mama ambaye hakufika, kikao kitaisoma na kuikunja, Marwa ataendelea kuvuta winchi yake, na Tusonge watabaki kuponda mawe ya watu wengine. Ukiwemo, ofisi ilijua kabla ya ile Ijumaa na haikufanya kitu, na duara halikugawiwa kihalali. Mtu wa mguu mmoja, mabubu wawili, mama wa shuka na Bhoke, wote wanategemea mstari mmoja tu.

Na fomu zetu, kabla sijazifikisha, huwa ninazinakili kwenye ukurasa safi, kwa sababu zikitoka kwenye mfumo zinakuwa zimevurugika na mkurugenzi hapendi. Watu wanaandika marefu, mimi nafupisha. Hakuna anayerudi kwenye mfumo kuhakiki. Hajawahi kutokea.

Jana usiku niliifungua na kuifunga tu, nikalala. Sasa hivi nimeacha kuandika hapa kidogo, nikaanza kuinakili. Nimeandika aya ya kwanza, ya pili, nikafika kwenye ule mstari, na vidole vyangu, nakiandika hiki ili nikione, vikaenda moja kwa moja kwenye aya inayofuata. Sikuamua. Vilienda tu. Nikausoma ukurasa na ulikuwa unasomeka vizuri kabisa, hauna pengo. Hakuna ambaye angejua kuna kitu kimetoka.

Nikamkumbuka Marwa pale barazani, na sauti yake ya kanisani.

Nilimchukia Marwa mwezi mzima. Niliwahi hata kumwambia Bhoke kwamba mtu wa namna ile hafai kusalimiwa. Sasa Bhoke hana haja tena ya msomaji, anasoma na anaandika mwenyewe. Mwenye kuhitaji kusomewa ni mkurugenzi, na msomaji wake ni mimi, na mimi nimeruka mstari ambao ungenigharimu. Tofauti yangu na Marwa ni kwamba yeye alipata duara.

Nimekaa na hilo mpaka mvua imepungua. Nimechukua kompyuta, nimefuta ule ukurasa safi wote. Nimeichukua rufaa yake kama ilivyotoka kwenye mfumo, na mistari yake iliyovurugika, nimeibandika nzima. Kisha nimeisoma kwa sauti humu chumbani, peke yangu, kidole kwenye kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza, nihakikishe hakuna lililobaki.

Chini yake nimeongeza ya kwangu. Nimeandika kwamba ni kweli alifika. Afisa aliyemjibu ni mimi, Zuhura. Kwenye kikao niliulizwa nikanyamaza, na hakuandikwa kwenye kitabu cha wageni kwa sababu kitabu chetu hakijui kumpokea mtu kama yeye. Nimesema niko tayari kuhojiwa. Sikuomba radhi ndefu, maana ningeanza kujitetea tena.

Nimetuma kwa mkurugenzi, na nakala nimempelekea Bhoke ili naye aisikie.

Sijui kama duara litarudi. Sijui kama Jumatatu jioni nitakuwa bado na meza. Mama atauliza, na nitalazimika kumweleza toka mwanzo, na yeye hajui hata tovuti ni nini.

Simu imelia nikiwa naandika hapa. Ni Bhoke, ujumbe mfupi: "Nimesoma yote. Jumatatu nakuja."

Basi Jumatatu nitawahi. Nitasimama getini pamoja na mlinzi, na akifika nitafungua kile kitabu cha wageni nimwandike mimi, jina lake, anakotoka, anayetaka kumwona na saa aliyofika, kisha nimsomee nilichoandika.